Kasongo na Kabambare: Shule ya Wageni

Wazee wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake twaijua sote. Mgeni akibisha hodi, kuku huchinjwa, watoto hushiba, na maneno mapya huingia nyumbani. Lakini methali hii ina upande wa pili ambao hatuutazami mara nyingi. Mgeni naye hupona. Akikubali kuketi na kusikiliza, huondoka na mali asiyokuja nayo.

Leo twataka kuutazama upande huo wa pili, na tutautazamia hapa petu, kusini ya Maniema. Nchi ya Kasongo na Kabambare imewapokea watu wa Magharibi, yaani Wazungu wa Ulaya, kwa muda wa miaka zaidi ya 150. Wamekuja wasafiri, askari, wafanya biashara, waganga, mapadre na masista. Tumezoea kuuliza, "Wazungu walitufundisha nini?" Swali hilo lina haki yake, wala hatukatai kushukuru penye shukrani. Lakini swali la pili ni hili: Mzungu aliyekaa kwetu aliweza kujifunza nini? Na je, tungali nacho?

NCHI YENYEWE

Kasongo iko upande wa mashariki wa mto Lualaba, mahali ambapo msitu mkubwa wa kaskazini huanza kuachana na mbuga. Reli ya Kindu na Kongolo ilijengwa ng'ambo ya magharibi, hata mtu wa Kasongo akitaka kuifikia sharti avuke maji. Ukienda upande wa mashariki wafika Kabambare, nchi ya Wabangubangu na Wabuyu, ambako mto Luama hupita ukielekea Lualaba. Kasongo kwenyewe wako Wakusu, Wazimba, Wazula na wengine. Watu hulima mpunga, mihogo, mahindi na karanga.

Katika miaka ya 1860 na 1870 wafanya biashara kutoka pwani na Unguja walifika huku wakitafuta pembe. Aliyejulikana kuliko wote ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Alifanya Kasongo kuwa makao yake, na mahali pa mji ule wa zamani sasa paitwa Tongoni. Habari za maisha yake alizieleza mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufa Unguja mwaka 1905. Wengi waliofuatana na wakubwa hao hawakuwa Waarabu. Walikuwa Waafrika wa pwani na wa bara, waliovaa kanzu, waliosali sala za Kiislamu na kujiita Waungwana. Wenyeji wengi walishika desturi zao, na lugha yao ikawa lugha yetu. Ndiyo maana Kiswahili cha huku huitwa Kingwana. Na watu wa huku nao walikwenda pwani, wengine kwa hiari, wengi kwa kamba. Mpaka leo wako watu waitwao Wamanyema huko Ujiji, Bujumbura na Dar es Salaam.

Basi tunaposema "desturi za Mashariki" katika Maniema, twasema juu ya kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi mbili. Uzi mmoja ulitoka bahari ya Hindi: hodi na karibu, kahawa, baraza, saa za sala. Uzi wa pili ulikuwapo tangu zamani: ukoo, soko, heshima ya wazee, kilio cha pamoja. Mzungu aliyefika hapa alikuta nguo moja, asijue uzi upi ni upi.

MGONJWA WA BAMBARRE

Mtu wa Magharibi wa kwanza kukaa Kabambare siku nyingi alikuwa David Livingstone, Mskochi, mmisionari Mprotestanti na mganga mwenye cheti cha Glasgow. Katika daftari zake mahali hapo pameandikwa Bambarre. Aliondoka Ujiji mwezi wa Julai 1869, akafika Bambarre mwezi wa Septemba mwaka uleule. Alidhani atapita upesi kwenda Lualaba, kwa maana alitafuta chemchemi za mto Nili. Hakupita upesi. Mvua, homa, njia mbaya na ukosefu wa wapagazi vilimzuia. Mwezi wa Juni 1870 alijaribu tena akiwa na watu watatu tu waliobaki waaminifu, Susi, Chuma na Gardner. Njiani miguu yake ikafanya vidonda vibaya, akarudi Bambarre mwezi wa Julai akichechemea. Akalala ndani ya kibanda chake siku 80.

Tumfikiri mtu huyo. Huko kwao jina lake lilikuwa kubwa, na vitabu vyake vilisomwa na maelfu. Hapa alikuwa mzee mgonjwa, asiye na nguo za kubadilisha wala barua kutoka nyumbani. Karatasi ikamwishia, akaandika juu ya gazeti kuukuu la London, akipitisha mistari yake juu ya maandishi ya chapa. Wino ukamwishia, akatumia maji ya rangi ya mmea wa nchi hii. Maandishi hayo yalififia hata yakawa karibu hayasomeki. Mwaka 2011 wataalamu waliyafufua kwa kuyapiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali.

Nani walimtunza? Walikuwa wenyeji wa Bambarre na wafanya biashara Waislamu. Mmoja wao, Mohamad Bogharib, ndiye aliyekuwa amemwokoa mapema mwaka 1869, alipougua mapafu karibu ya kufa. Alimpa dawa, akaamuru abebwe juu ya kitanda hata ziwa Tanganyika. Sasa huko Bambarre dawa iliyofaa vidonda vyake haikutoka katika sanduku la Glasgow. Ilikuwa jiwe la kijani la shaba, lililosagwa kwa maji juu ya jiwe jingine na kupakwa kwa unyoya. Mganga wa Ulaya aliandika katika daftari lake kwamba dawa hiyo peke yake ilimsaidia.

Livingstone aliichukia biashara ya watumwa kwa moyo wake wote, na alikula chakula cha watu walioifanya. Jambo hilo lilimsumbua, wala hakulificha. Lakini katika taabu hiyo alijifunza jambo ambalo msafiri mwenye bunduki na mali nyingi hajifunzi: kuwa mgeni kweli. Mgeni kweli hangoji kupewa haki yake. Hungoja kupewa huruma. Katika miezi ya Maniema aliisoma Biblia yote mara nne, tangu mwanzo hata mwisho.

Alijifunza pia kutoka kwa wanawake wa soko. Alipofika Nyangwe, karibu ya Lualaba, mwezi wa Machi 1871, alishangaa kuona soko lenye watu zaidi ya 1,500, wengi wao wanawake wenye vikapu vya samaki, mihogo, chumvi na vyungu. Aliandika kwamba soko katika Maniema ni jambo kubwa lenye heshima yake. Hata vijiji vikiwa na vita, wanawake waendao sokoni hawaguswi. Yeye aliyetoka katika nchi za mabunge na mahakama aliona hapa amani iliyolindwa bila polisi, kwa desturi tu.

INJILI NI KITABU CHA MASHARIKI

Labda msomaji atasema: "Ukarimu uko Ulaya pia. Mzungu ana haja gani ya kuufuata mpaka Kabambare?" Ni kweli, ukarimu uko kila mahali palipo na watu wema. Lakini liko somo moja kubwa ambalo mtu wa Magharibi hulipata kwa urahisi zaidi akikaa katika nchi kama yetu. Nalo ni kuielewa Injili.

Bwana wetu Yesu Kristo alizaliwa Mashariki, akaishi Mashariki. Alikula, alisalimu, alisafiri na kuzikwa kama watu wa Mashariki. Mambo mengi ambayo mwanafunzi wa Ulaya hueleweshwa kwa maelezo marefu chini ya ukurasa, mtoto wa Kasongo huyaona uani kwao. Tutaje machache.

Kwanza, saa. Kiswahili huhesabu saa tangu jua linapotoka. Injili nayo huhesabu hivyohivyo. Tukisoma kwamba Bwana wetu alikufa saa tisa, hatuna haja ya hesabu. Twalijua jua la saa tisa, jinsi linavyoanza kulala. Tukisoma habari ya wafanya kazi walioajiriwa saa kumi na moja, twaelewa mara moja kwamba jioni imeingia, na kwamba mwenye shamba amefanya jambo la ajabu kuwalipa sawa na wengine. Mzungu hana budi kwanza kubadilisha saa kichwani mwake, ndipo ashangae.

Pili, salamu. Bwana wetu alipowatuma wanafunzi wake, aliwaagiza wasimsalimu mtu njiani. Kwa msomaji wa Ulaya agizo hili laonekana kuwa gumu au la bure, maana kwao salamu ni neno moja, nalo halimcheleweshi mtu. Sisi twalielewa. Salamu ya kwetu huuliza habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa, za shamba, za mvua na za safari. Kisha jina la ukoo hutajwa, na undugu huonekana, na mgeni huvutwa apate maji. Mjumbe akisalimu watu wote njiani, hatafika leo. Basi Yesu hakudharau salamu. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba habari waliyobeba ni ya haraka kama habari ya msiba. Mzungu aliyekaa mwaka mmoja katika kijiji cha Kabambare hahitaji kuelezwa hayo.

Tatu, sinia. Usiku ule wa mwisho Bwana alisema kwamba atakayemsaliti ni yule aliyetia mkono pamoja naye katika bakuli. Mtu aliyezoea sahani yake mwenyewe, na kisu chake, na uma wake, huyasikia maneno hayo kama alama ya kumtambua mwenye kosa. Lakini kwetu mtu aliyekula nawe katika sinia moja amefungwa nawe. Hawezi kukudhuru bila kuvunja kitu kitakatifu. Ubaya wa Yuda waonekana mweusi zaidi penye watu wanaonawa mikono na kula pamoja.

Nne, rafiki wa usiku wa manane. Katika Injili ya Luka mtu mmoja amefikiwa na mgeni usiku, hana mkate wa kumwandalia, akaenda kumgongea jirani. Jirani amekwisha funga mlango, na watoto wamelala pamoja naye. Huko Magharibi watu huuliza: "Kwa nini asingoje asubuhi?" Mama yeyote wa Kasongo ajua jibu. Mgeni halali na njaa. Aibu ya chungu kitupu haingoji mapambazuko, na kumgongea jirani usiku si utovu wa adabu, maana kesho jirani naye atagonga.

Tano, Abrahamu chini ya miti ya Mamre. Mzee wa heshima, tena katika joto la mchana, aliondoka mbio kuwalaki watu watatu asiowajua, akawaletea maji ya kuosha miguu, akachagua ndama. Alikuwa akimpokea Mungu mwenyewe bila kujua. Huu ndio msingi wa ukarimu wote wa Mashariki, kwa Wayahudi, kwa Wakristo na kwa Waislamu, maana wote watatu humhesabu Abrahamu kuwa baba wa wageni.

WALIOJIFUNZA

Wako watu wa Magharibi walioingia katika shule hii wakahitimu vizuri. Kardinali Lavigerie, Askofu Mkuu wa Alger, alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868. Aliwaagiza waseme lugha ya watu, wale chakula cha watu, wavae mavazi ya watu. Kwa sababu hiyo walivaa gandura na burnusi, mavazi ya Waarabu wa Afrika ya Kaskazini, na rozari shingoni. Watu wakawaita Mapadre Weupe. Msomaji, tazama ajabu hii: kanzu nyeupe ambayo bibi zetu waliiona kuwa vazi la padre wa Kizungu, Wazungu wenyewe waliipokea kutoka kwa Waislamu wa Mashariki. Mapadre hao walifika pwani ya magharibi ya Tanganyika katika miaka ya 1880, na baadaye wakaingia Maniema. Kutoka mikononi mwao limezaliwa Kanisa la huku. Vikarieti ya Kasongo iliundwa mwaka 1952, nayo ikafanywa uaskofu kamili mwaka 1959.

Mwingine ni Charles de Foucauld. Alikuwa mtoto wa kabaila wa Ufaransa, afisa wa jeshi, aliyepoteza imani na kuishi kwa anasa. Katika miaka ya 1883 na 1884 alisafiri Moroko akijifanya Myahudi, ili apate kuipima nchi. Huko aliwaona Waislamu wakisimama kusali mahali popote walipo, mbele ya macho ya watu, bila haya. Jambo hilo lilimtikisa. Akajiuliza kama yuko kweli Mkuu kuliko mambo yote ya dunia hii. Mwishoni mwa Oktoba 1886 aliungama kwa Padre Huvelin huko Paris, akaanza maisha mapya. Baadaye aliishi kati ya Watuareg katika jangwa, akaandika kamusi ya lugha yao, akauawa Tamanrasset tarehe 1 Desemba 1916. Papa Fransisko alimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Waislamu hawakumfanya kuwa Mwislamu. Walimkumbusha kusali, naye akarudi katika Kanisa lake.

Wa tatu ni Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, aliyefanya kazi Katanga. Miaka ya kwanza alifundisha kama bwana mwenye kujua yote. Kisha alianza kuwauliza watu wenyewe wanatamani nini katika moyo wao. Mwaka 1945 alitoa kitabu juu ya hekima ya Wabantu kilichosomwa na wataalamu wa Ulaya; na katika miaka ya 1950, huko Kolwezi, kundi la waume na wake Wakristo lilianza kukusanyika naye. Jina la kundi hilo lilikuwa la Kiswahili: Jamaa. Lakini kabla yake, mwaka 1910, Stefano Kaoze alikuwa amekwisha andika juu ya roho na fikira za Wabantu. Kaoze alipadrishwa mwaka 1917, Mkongo wa kwanza wa zamani zetu kupata daraja hiyo. Basi mwalimu alikuwapo nyumbani. Ilimpasa mgeni kusikiliza tu.

MIZANI YA HAKI

Sasa, wasomaji wapendwa, hatuna ruhusa ya kusifu tu. Mwenye kupima kwa haki hutia mawe katika sahani zote mbili za mizani.

Waungwana walioleta kahawa na hodi walileta pia minyororo. Siku ya tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanya biashara walifyatua bunduki katikati ya soko la Nyangwe, lilelile lililoheshimiwa na adui wote. Mamia ya watu, wengi wanawake, walikufa kwa risasi au kwa kuzama katika Lualaba. Livingstone aliona kwa macho yake. Siku tano baadaye akaondoka, hakuweza tena kukaa. Aliandika pia juu ya ugonjwa wa ajabu wa watu huru waliotekwa. Hawakuwa na homa wala jeraha. Walipouona mto mkubwa ukiwatenga na nchi yao, walikufa, nao huonyesha moyo wakisema hapa ndipo panapouma. Mganga huyo aliuita ugonjwa wa moyo uliovunjika.

Wala watu wa Magharibi hawakujifunza mema peke yake. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mkono wa Stanley, alimfanya Tippu Tip kuwa liwali wa Stanley Falls, kwa sababu nguvu yake ilihitajiwa. Miaka michache baadaye serikali hiyohiyo ilipigana na Waungwana. Jeshi la Dhanis liliingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Hinde, mganga Mwingereza aliyekuwa pamoja na jeshi, alisimulia jinsi walivyokuta bustani za michungwa, mikomamanga, mananasi na ndizi, ghala za mpunga na kahawa, vitanda vyenye magodoro ya hariri. Washindi walilala juu ya hariri hiyo. Lakini baada ya minyororo ya Waungwana ilikuja kazi ya nguvu ya pembe na mpira, na watu wa vijiji hawakuona tofauti kubwa kati ya bwana wa kwanza na bwana wa pili.

Hapa pana onyo kwa kila mtu anayependa desturi za wengine. Yawezekana kuchukua godoro la mwenyeji na kuacha adabu yake. Yawezekana kupenda kahawa yake, nguo zake, na nyimbo zake, na kumdharau yeye mwenyewe. Mtu wa namna hiyo amekusanya vitu tu, hajafundishwa. Na yawezekana vilevile kumheshimu mwenyeji na kukataa kosa lake, kama Livingstone alivyompenda Bogharib na kuichukia biashara yake. Njia hii ya pili ni ngumu zaidi, nayo ndiyo njia ya Mkristo.

Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitwambia kwamba Kanisa huwaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja, na ukawaomba wote wajitahidi kuelewana na kutetea pamoja haki na amani. Tarehe 4 Februari 2019, huko Abu Dhabi, Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed el-Tayeb, walitia sahihi hati juu ya udugu wa watu wote. Kwa nchi nyingi za Ulaya maneno haya ni mafundisho mapya, yenye mikutano na hotuba. Kwetu Maniema, ambako Waislamu ni wengi kuliko katika majimbo mengine ya Kongo, ni habari ya ukoo. Katika ukoo mmoja utamkuta Maria na Asha, Yosefu na Yusufu. Akifa mtu, hatuulizi kwanza alisali wapi. Twaleta kuni, maji na unga. Mwadhini huita na kengele hulia. Mkristo akiona jirani yake ameacha jembe ili asali, na akumbuke Malaika wa Bwana, sala yetu ya asubuhi, mchana na jioni ambayo wengi wetu tumeiacha.

NA SISI JE?

Sasa twafika penye neno lenyewe. Tumesema kwamba Mzungu aweza kujifunza kwetu. Lakini mwalimu akisahau somo, mgeni atajifunza kwa nani?

Vijana wetu wanasoma Kindu, Bukavu, Kinshasa, hata Brussels. Tunawafurahia. Elimu ni baraka, na saa ya mkononi si dhambi. Lakini twawaona wengine wakirudi nyumbani likizo wasijue tena kuketi. Humsalimu babu wakiwa wanatazama simu. Hula peke yao chumbani. Huona haya kufanya ishara ya msalaba kabla ya kula mbele ya wenzao. Hesabu ya muda wao imekuwa hesabu ya mfanya biashara: nitapata nini kwa dakika hizi? Kijana huyo hajatoka Kasongo kwa miguu tu. Ametoka kwa moyo. Siku moja atahitaji maelezo chini ya ukurasa ili aelewe kwa nini mtu yule alimgongea jirani usiku wa manane.

Wala wazee tusijidai kwamba kosa ni la vijana peke yao. Nani aliyewaambia kwamba salamu ndefu ni ushamba? Nani aliyewafundisha kumkaribisha mwenye gari na kumwacha mwenye fimbo mlangoni? Ukarimu unaochagua wageni si ukarimu wa Abrahamu.

Lakini tusikate tamaa, maana uzi haujakatika. Tangu vita vya mwaka 1996 watu wa mashariki ya Kongo wamekimbia mara nyingi, na Kabambare imeonja taabu hiyo. Wageni wa mashirika ya misaada, walipokuja na mahema yao, walikuta kwamba wengi wa waliokimbia hawamo kambini. Walikuwa ndani ya nyumba za watu. Familia yenye watoto sita ilikuwa imepokea wengine watano, na chungu ni kilekile. Hakuna aliyewalipa, wala hakuna sheria iliyowaagiza. Walifanya kwa sababu mgeni halali na njaa. Hili ni somo ambalo nchi tajiri, zinazobishana juu ya idadi ya wakimbizi wa kupokewa, zingeweza kulisikiliza kwa faida.

Basi, baba na mama wa familia, tushike mambo matatu. Mtoto afundishwe kusalimu kabla ya kuomba. Familia ile pamoja walau mara moja kwa siku, na sala itangulie chakula, hata akiwapo mgeni wa dini nyingine. Na mtu akibisha hodi, asiulizwe kwanza ametoka wapi. Padre mgeni, daktari mgeni, au mwanafunzi wa Ulaya akija kukaa kati yetu, tusimwonyeshe utajiri tusio nao. Tumpe kiti, maji na muda. Akikaa ataona mwenyewe, na labda siku ile atakapofungua Injili kwao, ataisoma kama mtu aliyekwisha kula katika sinia moja na wale inaowasimulia.

Wazee husema pia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nasi tuwape wageni wetu jembe, walime pamoja nasi. Maana shamba la Bwana ni kubwa, na saa kumi na moja bado haijapita.